Boriti ya Saba Kutoka Kibla

Mwaka jana mama mkwe wangu alikuja kututembelea hapa Dubai kutoka Unguja, nikampa chumba kizuri cha mwisho, chenye dirisha kubwa linalotazama upande wa Deira. Asubuhi ya pili nilimpelekea chai nikamkuta amesimama anapapasa kitasa cha dirisha. Akaniambia kwa upole, kama anavyosema mambo yote, kwamba dirisha hili la kibla limegoma kufunguka. Mimi ni mtu wa kusahihisha watu, mume wangu atakuapia. Nikamwambia kibla si huko, kibla ni magharibi, na msala wake jana nilimtandikia ukaelekea kabatini. Akacheka.

"Huko ni pa kusalia," akasema. "Kwetu sisi wazee tukisema kibla tunasema kaskazini. Kibla na suheli, kaskazini na kusini, mwanangu. Hujapata kusikia?"

Nililiweka sinia sakafuni, nikakaa kitandani kwake bila kukaribishwa, naye akadhani nimeumwa. Sikuumwa. Nilikuwa nimerudi mtaa wetu wa zamani wa Satwa, nina miaka kumi, nimenyoosha kidole kwenye ukuta usio wenyewe. Neno moja tu, rafiki yangu. Nililielewa kwa akili ya madrasa badala ya kulielewa kwa Kiswahili cha bibi yangu, na kwa neno hilo nilimpotezea baba yake. Nitakueleza taratibu, maana ukilisikia hivihivi utaona natia chumvi.

Nyumba yetu ya Satwa ilikuwa nyuma ya mtaa wa mafundi cherehani. Kwa nje ungeiona nyumba ya kawaida ya matofali, rangi ya maziwa iliyochoka, geti la bati la buluu, na kiyoyozi cha dirishani kinachodondosha maji kwenye ndoo. Lakini matofali yalikuja nyuma. Mwanzo ilikuwa nyumba ya miti na makuti: nguzo za mkoko zimesimikwa mchangani, kuta za vijiti vya mtende vilivyosukwa, na paa la makuti ya mtende. Mwenye nyumba, mzee wa Kiarabu tuliyemwita arbab, yaani bwana mkubwa, kama alivyoitwa na kila mtu, alipopata uwezo alijaza matofali katikati ya nguzo na kupiga mabati juu ya makuti, asitoe kitu. Miti yote ilibaki humohumo. Jikoni uani, ambako mabati hayakufika, paa lilikuwa makuti matupu, meusi kwa moshi, na ukipika mchuzi wa papa harufu ilikaa humo hadi Ijumaa nyingine.

Ukumbi ndio uliokuwa moyo wa nyumba. Ulikuwa mrefu na mwembamba, mtu mzima akilala kukata upana miguu yake ilikaribia ukuta wa pili, na wageni wakiuliza kwa nini fundi alijenga chumba kama kichochoro. Bibi alikuwa na jibu lake. Nyumba ya boriti, alisema, haipimwi kwa mwenye nyumba, inapimwa kwa mti. Boriti za mkoko hazizidi urefu fulani, na fundi huzilaza kutoka ukuta hadi ukuta, basi upana wa chumba chako umeamuliwa na mtu mwenye panga huko Rufiji, aliyezama matopeni hadi magotini kabla hujazaliwa. Zilikuwa boriti ishirini na moja, korija na moja juu yake. Kwa kuwa nyumba za Satwa zimepangwa kufuata pwani, ukumbi ulikaa upande upande: ncha moja ilitazama Deira, kaskazini, na nyingine ilitazama kule tulikosalia, msala tukiupindisha kidogo.

Bibi alizaliwa kwenye delta ya Rufiji hiyohiyo. Baba yake alikuwa mkataji wa mikoko. Kazi ilikuwa ya makundi, na kila mkataji alikuwa na alama yake, mkato mdogo wa panga kwenye shina la mti, ili boriti zikirundikwa pamoja zikisubiri kuhesabiwa kila mtu ajue zake. Bibi akiwa msichana wa miaka kama tisa, baba yake aliingia mikokoni asubuhi na hakutoka. Walimtafuta siku nne. Hawakuona mtumbwi wala panga. Hapakuwa na maiti ya kuosha, na kwa hiyo hapakuwa na kaburi, na jambo hilo lilimkaa Bibi hadi uzee kwa namna ambayo sisi wa nyumbani tuliizoea kama mtu anavyozoea kiti kibovu. Shangazi yake alimchukua Unguja, akakua huko, akaolewa huko, na mumewe akamleta Dubai. Siku walipoonyeshwa nyumba ile ya Satwa, Bibi aliingia ukumbini, akatazama juu, akaona boriti ya saba ina alama ya baba yake.

Najua unachofikiri. Baba yangu pia alifikiri hivyo. Alisema mikato ya panga inafanana, na mama yake alikuwa mke mchanga ugenini mwenye kutamani kwao. Huenda. Lakini Bibi alikuwa mtu wa kupekua, hakuwahi kununua hata bamia bila kuivunja ncha, na alisema alipanda juu ya ngazi akaigusa na akaijua. Toka siku hiyo hakutaka kuhama. Watu waliohama pamoja nao Unguja walipata majumba Jumeirah na Sharjah, yeye akabaki Satwa na geti lake la bati.

Kabla sijazaliwa arbab alifunika boriti zote kwa silingibodi nyeupe, kwa sababu zilikuwa zikimwaga unga wa wadudu kwenye vichwa vya watu. Bibi aliwaomba mafundi wampe nafasi aitazame mara ya mwisho. Basi mimi boriti zile sikupata kuziona. Nilizisikia. Wakati wa joto, jua likizama na bati likianza kupoa, miti iliyomo darini ilikuwa ikialika, ko, halafu kimya, halafu ko nyingine mbali kidogo. Bibi anaweza kuwa anachambua mchele. Akiisikia ya kwanza alisimamisha mkono, akainua uso kwenye ubao mweupe, akasema, "Shikamoo baba."

Wewe unajua shikamoo ni ya nani. Nilipokuwa mdogo hakuna kilichonitisha kama hicho. Bibi alikuwa mkubwa kuliko kila mtu niliyemjua. Yeye ndiye aliyeamkiwa na watu wazima wenye ndevu, akaitikia marahaba bila kugeuka. Sasa kama naye anatoa shikamoo, basi humu ndani kuna mtu mkubwa kuliko yeye, na mtu huyo anakaa juu ya kitanda changu. Nilimuuliza mara moja kama huwa anaitikiwa. Akanitazama kwa yale macho yake yaliyokwisha kuanza ukungu, akasema, "Mke mwenzangu, salamu haidaiwi." Aliniita mke mwenzangu kwa utani, kama mabibi wanavyowaita wajukuu wa kike.

Siku moja niliachwa peke yangu ukumbini. Mama alikwenda kwa fundi cherehani, Bibi alikuwa uani anaanua nguo. Nilikuwa nimechoka na kazi ya shule nimelala chali sakafuni, na boriti ikaalika juu ya kifua changu hasa. Adabu niliyofundishwa ilitoka mdomoni kabla ya akili. Nikasema shikamoo. Halafu nikalala vilevile, penseli mkononi, nasubiri marahaba, na ninakwambia ukweli, ule ndio muda mrefu kuliko wote wa utoto wangu. Haikuja. Lakini hadi leo nikiingia kwenye chumba kitupu nasikiliza kwanza.

Jirani yetu mlinzi aliwahi kutoroka kwa sababu ya shikamoo hiyo ya Bibi. Alikuwa Mkenya wa bara, Mkristo, kijana mrefu mwenye sare ya kahawia, amepanga kitanda kwenye nyumba ya pili pamoja na wenzake wanane. Bibi alimsikia siku moja akizungumza Kiswahili kwenye simu nje ya geti, akamfungulia, na tangu hapo alikula kwetu kila Ijumaa. Alimwita Bibi shosho, kama kwao wanavyowaita mabibi, na Bibi alimlalamikia kwamba hilo ni jina la kuku. Ijumaa ya kwanza dari ikaalika, Bibi akatoa salamu zake, na mlinzi akaacha kula.

"Shosho," akasema, "unasalimia nani huko juu?"

Bibi akamwambia kuwa ni baba yake. Mlinzi akatazama dari, akatazama sahani ya pilau, akakumbuka ana zamu. Wiki ya pili alirudi, maana pilau ni pilau, na toka siku hiyo dari ikialika yeye pia alikohoa kidogo kwa heshima na kuondoa viwiko mkekani.

Mvua ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi. Dubai hainyeshi, lakini ikinyesha, nyumba yetu ilivuja. Maji yalipita kwenye mabati, yakapita kwenye makuti, yakashuka rangi ya chai kwenye viungo vya silingibodi, na ukumbi mzima ukanuka matope na chumvi, harufu ambayo haikuwa ya mji ule kabisa. Sisi tulikimbia na masufuria. Bibi alivuta kiti akaketi chini ya mvujo, akaacha maji yamdondokee begani kwenye kanga, akasema kunanuka kwao. Mama alimsihi ahame asije akapata homa. Mimi nilisimama mlangoni na kitambaa cha kupangusia, naogopa kwenda karibu naye, kwa sababu uso wake ulikuwa umerudi kuwa wa msichana na sikumjua.

Macho yake yalipozidi kufifia mimi nikawa macho yake. Nilimsomea namba za simu, nilimtungia sindano, nilimwambia kama maziwa yamechemka. Nilijivuna sana. Na nilijivuna pia kwa madrasa, lazima nilitaje hilo. Mwalimu wetu alikuwa na mchezo wa kutufunga macho, kutuzungusha, kisha kuuliza kibla kiko wapi. Mimi ndiye niliyekuwa mwepesi kuliko wote. Darasani, dukani, ndani ya basi, ungeniuliza kibla ningekuonyesha bila kufikiri, na siku moja mwalimu alinipa biskuti mbele ya darasa zima. Bibi alisifu. Sikumbuki akinisahihisha, na hakuwa na sababu, kwa kuwa kwenye maisha ya kila siku alizungumza kama sisi: upande wa Deira, upande wa baharini, upande wa msikitini. Kibla cha Unguja alikuwa amekikunja na kukiweka sandukuni pamoja na mengine ya kwao.

Arbab alipofariki wanawe waliutaka uwanja. Walikuja kwa adabu, wakakaa mkekani, wakanywa kahawa, wakampa Baba miezi mitatu. Baada ya hapo alikuja mtu na kopo la rangi akapiga namba nyekundu ukutani kando ya geti, na nyumba nyingine za mtaa zikapigwa zake. Sisi watoto tulifurahi. Mama alipata nyumba ghorofa ya nne Mankhool, yenye lifti na bafu lenye vigae, na mimi niliota lifti.

Bibi hakulia wala hakugomba. Alimwambia Baba ana haja moja tu: boriti yake itoke nzima, aende nayo. Wengine wote wana kaburi la kwenda kusomea, alisema, yeye ana mti. Baba alikuwa mtu mwema, lakini alichoka siku hizo, akiwaza makochi yatapitaje mlangoni, akamjibu vibaya.

"Mama, ni mti tu."

Hakumwomba tena, na hilo lilimuumiza Baba kuliko kama angemjibu, ingawa alikuja kunikiria hayo miaka mingi baadaye. Wiki moja kabla ya kuhama, Bibi aliteleza uani kwenye maji ya kiyoyozi akavunjika nyonga.

Nilipelekwa kumwona hospitalini. Alikuwa mdogo kwenye kitanda kile cheupe, na dawa za maumivu zilikuwa zimemlegeza ulimi. Alizungumza Kiswahili nisichokizoea, maneno ya shangazi yake, majina ya mito. Aliwatoa watu wote akabaki na mimi. Akanishika mkono, akaniambia nisikilize vizuri kwa kuwa baba yangu atasahau na mama yangu ana mambo mengi.

"Boriti ya saba kutoka kibla," akasema. "Ina alama ya panga. Waambie wasiikate."

Alinikaririsha mara tatu, kama sura ya Kurani. Boriti ya saba kutoka kibla. Sikumuuliza alama yenyewe ikoje. Sikuona haja. Nilikuwa na namba, nilikuwa na kibla, na hakuna mtu Dubai nzima aliyekuwa akijua kibla kuliko mimi.

Nyumba ilivunjwa asubuhi. Baba alikuwa hospitalini, Mama alikuwa Mankhool na maboksi yake, na jirani yetu mlinzi, aliyetoka zamu na sare yake mwilini, alikubali kwenda nami. Msimamizi wa wavunjaji alikuwa Mpathani wa Pakistani mwenye ndevu zilizotiwa hina. Mlinzi alizungumza naye kwa Kiarabu cha kazini, akamweleza kuna bibi mgonjwa anataka mti mmoja. Msimamizi akauliza ni mmoja tu kweli. "Wahid bas, arbab," mlinzi akamhakikishia. Yule mtu akatutazama kwa huruma ya watu walioshapoteza nyumba zao, akawaambia vijana wake wasubiri.

Wakang'oa silingibodi. Vumbi lilipotulia nikaziona kwa mara ya kwanza. Zilikuwa nyeusi, zimepinda kidogo kila moja kwa namna yake, zimekazwa kwa kamba za usumba zilizogeuka unga ukizigusa, na juu yake makuti yaliyoshikamana. Ishirini na moja. Nilikuwa nimelala chini yake miaka kumi. Nilijisikia kama mtu aliyefungua mlango akakuta watu wamekaa kimya muda wote wakimsikiliza. Nilitaka kukimbia, na nilitaka kusema shikamoo, na kwa kuwa wanaume wale walikuwa wananitazama sikufanya lolote.

Mlinzi akaniuliza ni ipi. Nikasema ya saba kutoka kibla.

"Kibla ni side gani, madam mdogo?"

Nikanyoosha kidole kwenye ncha tuliyosalia, bila kusita. Akapima kwa macho, akatazama ncha ile nyingine, akatoa simu mfukoni. Alikuwa mtu makini, na alimpenda Bibi. Akasema tumpigie baba kwanza amuulize Bibi, ili tuhakikishe.

"Najua," nikasema. "Usipige."

Akairudisha simu mfukoni.

Wakahesabu pamoja nami, moja kwa Kiarabu, mbili kwa Kiurdu, wakicheka. Ya saba waliifungua polepole kwa mtaimbo, wakaishusha mabegani, wakailaza uani. Nilipiga magoti nikaifuta kwa gauni langu. Na alama ilikuwapo. Mkato wa panga, mmoja wa kukata na mwingine wa kulala, mzee, umejaa vumbi. Nilipiga kelele kwa furaha. Nilikuwa sijui, na hapakuwa na wa kuniambia, kwamba nusu ya boriti zile huenda zilikuwa na alama, kwa sababu kila moja ilikatwa na mtu. Zilizobaki ziliangushwa pamoja na paa, zikapakiwa lorini kabla ya adhuhuri. Najaribu kuikumbuka ile ya upande wa Deira, ilivyopinda, mahali ilipoangukia. Sioni kitu. Sikuitazama hata mara moja.

Boriti haikuingia kwenye lifti ya Mankhool. Mlinzi aliipandisha ngazi ghorofa nne, na bawabu nyuma yake akilalamika kuhusu rangi ya kuta. Tuliilaza chini ya dirisha katika chumba cha Bibi, nami niliifuta tena kwa mafuta ya nazi hadi ikang'aa. Siku Bibi aliporudi kutoka hospitali nilikuwa nimeshindwa kula kwa furaha. Baba alimkalisha kitandani, na kwa jinsi alivyoona haya kwa maneno yake ya siku ile, yeye mwenyewe ndiye aliyeinua ncha ya boriti akaiweka mapajani mwa mama yake.

Bibi aliishika kwa mikono miwili. Kisha kidole chake kikaanza kutembea. Nikamwongoza hadi kwenye alama, nikamwambia hii hapa, nimeiona mwenyewe. Kidole kikapita kwenye mkato wa kwanza, kikapita kwenye mkato wa pili, kikasimama. Kikarudi mwanzo. Kikapita tena, polepole zaidi, na tena. Niliona midomo yake inatikisika, nikajua anamshukuru Mungu.

"Ulihesabu kutoka wapi, mke mwenzangu?" akauliza.

"Kutoka kibla, Bibi."

Akanivuta karibu, akanibusu kichwani, akakaa na shavu lake juu ya nywele zangu kwa muda.

"Vyema," akasema. "Umefanya kama nilivyokutuma."

Baadaye nilimsikia akimuuliza mlinzi zile nyingine zimekwenda wapi. Mlinzi akamwambia zimeondoka na lori. "Khalas, shosho," akasema, "zote zimeenda." Bibi akalirudia neno lile, khalas, kwa sauti ya chini. Akamshukuru kwa kubeba mzigo mzito ghorofa nne, akaniagiza nimpe chai na mkate wa kumimina.

Aliishi mwaka mmoja na kidogo. Kila Alhamisi jua likizama alitaka aketishwe karibu na boriti, akaweka kiganja juu yake, akasoma Fatiha. Shikamoo sikuisikia tena. Niliona, maana watoto huona kila kitu, lakini nilijipa sababu: kwenye ghorofa kuna kiyoyozi mchana na usiku, mti haupati joto wala baridi, hauna la kusema. Mara moja tu nilimuuliza mbona hazungumzi na baba yake kama zamani. Alikuwa na kiganja chake palepale. Akasema, "Huyu naye ana wenyewe wake." Nilidhani ni uzee unamchanganya. Mwaka ule alikuwa akichanganya siku, na mara nyingine akimwita Mama kwa jina la shangazi yake.

Satwa ile sasa hata mimi nikipita napotea. Mahali pa mafundi cherehani pana ukuta mrefu na nyuma yake sijui wanajenga nini. Mlinzi alirudi kwao, akaoa, tukapoteana. Mikoko ya Rufiji nasikia imekatazwa kukatwa, na wajenzi wa hapa hawaihitaji, vyumba vyao ni vipana watakavyo. Wanaosema kibla na suheli wanaondoka mmoja mmoja, na mimi niliyezaliwa ndani ya maneno yao nikawa wa kuwasahihisha.

Baba alitaka kuitupa boriti, nikaolewa nayo. Mume wangu alidhani ni mzaha hadi alipoibeba. Ile asubuhi ya mama mkwe nilikwenda nikaketi sakafuni, nikapitisha kidole kwenye alama, mkato wa kukata na mkato wa kulala. Alama ya baba yake Bibi siijui. Sikuuliza, na aliyeijua amekwisha kuzikwa. Lakini kidole chake kiliijua siku ile, mara ya kwanza tu kilipopita, na mimi nikiwa pembeni yake natabasamu na meno yangu yote. Aliuliza swali moja, akasikia jibu, akaelewa kosa limetokea wapi na kwamba halirekebishiki. Ndipo akaniambia nimefanya kama alivyonituma. Mwaka mzima bibi yangu alikaa na baba wa mtu mwingine, akamsomea kila Alhamisi, ili mimi nisijue kwamba wa kwake nilimwacha aondoke na lori.